Chipukizi ameteuliwa, je, mfumo uko tayari?

Wahenga walinena kwamba mchagua nazi hupata koroma. Methali hii husikika sana katika shule zetu za Machakos kila unapowadia wakati wa kuteua timu. Mwalimu wa michezo hukagua wanafunzi wengi, akawapima mbio, akawatazama wakipiga chenga, na hatimaye akamkabidhi mmoja wao jezi nambari kumi. Baada ya mechi tatu huanza kujuta. Kijana aliyekuwa akiwahangaisha mabeki katika uwanja wa kijijini kwao sasa anatembeatembea tu. Pasi zake hazifiki, mashabiki wanazomea, na hukumu hutolewa upesi: huyu alikuwa koroma.

Leo ningependa kuitetea nazi. Mara nyingi nazi huwa imekomaa barabara, ila aliyeipata hana mbuzi ya kuikunia. Kumteua chipukizi ni nusu ya kazi. Nusu ya pili, ambayo ndiyo nzito zaidi, ni kumwoanisha na namna timu inavyocheza, na kazi hiyo ni ya mwalimu kabla ya kuwa ya mwanafunzi.

Tuanze kwa kuelewana juu ya neno mfumo. Mfumo wa uchezaji si zile tarakimu tu ambazo watangazaji wa redio hupenda kuzitaja, 4-4-2 au 4-3-3. Mfumo ni makubaliano baina ya wachezaji kumi na mmoja kuhusu mpira upitie wapi, uende kwa kasi gani, na nani awe amekwisha kuanza kukimbia kabla mpira haujamfikia. Chukua mfano wa kiungo mchezeshaji ambaye hupenda kupokea mpira miguuni, akageuka, akatazama mbele na kumpenyezea mshambuliaji pasi. Ukimweka katika timu ambayo mabeki wake hupiga mipira mirefu moja kwa moja hadi langoni mwa wapinzani, mpira utampita juu ya kichwa kama kunguru arukaye kuelekea mtini. Atamaliza dakika tisini bila kuugusa mara kumi. Hajapungukiwa na kipaji. Timu yake haikumwachia mahali pa kukitumia.

Hakuna mchezo unaoliweka jambo hili wazi kama kandanda ya Kimarekani, ule mchezo wa mpira wenye umbo la yai, ambao sisi huku hatuuchezi lakini tunaweza kujifunza kutokana nao. Katika mchezo huo yuko mchezaji aitwaye kwotabeki. Karibu kila shambulio huanzia mikononi mwake. Ana sekunde chache mno za kuamua kama atarusha mpira kwa mwenzake aliye mbali, atamkabidhi aliye karibu, au atatoka mbio nao mwenyewe. Kila uamuzi wake hutegemea mipango ambayo timu nzima imekariri kama wanafunzi wakaririvyo jedwali la kuzidisha. Kwa hiyo kwotabeki aliye hodari katika mpango mmoja anaweza kuonekana mbumbumbu katika mwingine.

Ligi kuu ya huko, NFL, ina timu 32. Kila mwaka timu hizo hukutana kugawana chipukizi wanaotoka vyuo vikuu. Kanuni ni kwamba timu iliyofanya vibaya kuliko zote msimu uliotangulia ndiyo hupewa zamu ya kwanza ya kuchagua. Nia ni njema, kwani dhaifu anapewa nafasi ya kujiinua. Walakini kanuni hiyo ina mtego ndani yake: kijana anayesifiwa kuliko wote huangukia mara nyingi katika nyumba isiyo na utulivu, ambayo kocha wake yuko karibu kufutwa kazi na mipango yake haijulikani.

Hayo yalimfika Alex Smith. Mwaka 2005 timu ya San Francisco 49ers ilimteua akiwa wa kwanza kabisa. Katika Chuo Kikuu cha Utah alikuwa amezoea kusimama hatua kadhaa nyuma ya wenzake, uwanja umetanuliwa mbele yake, akiona kila kitu. Timu za kulipwa za wakati huo zilidai mengine. Msimu wake wa kwanza alirusha pasi moja tu ya kufunga, na pasi zake 11 zikanaswa na wapinzani. Mwaka uliofuata mwalimu wake wa mashambulizi akaondoka, akaja mwingine. Ikawa hivyo mwaka baada ya mwaka: katika misimu mitano, kuanzia 2005 hadi 2009, Smith alifunzwa mashambulizi na walimu watano. Ni sawa na mwanafunzi anayebadilishiwa kitabu, mwalimu na lugha ya kufundishia kila Januari, kisha akalaumiwa kwa kuanguka mtihani.

Katika uteuzi ule ule wa 2005, kijana mwingine, Aaron Rodgers, aliachwa hadi nafasi ya 24, ambako Green Bay Packers walimchukua. Hakuchezeshwa upesi. Alikaa misimu mitatu nyuma ya mkongwe Brett Favre, akitazama na kujifunza, kisha mwaka 2008 akakabidhiwa timu. Kufikia Februari 2011 alikuwa bingwa wa ligi nzima. La kuzingatiwa ni kwamba kocha aliyemlea, Mike McCarthy, ndiye yule yule aliyekuwa mwalimu wa mashambulizi wa Smith mwaka 2005 kabla ya kuhamia Green Bay mwaka 2006. Mwalimu alikuwa mmoja na darasa la uteuzi lilikuwa moja. Kilichotofautiana ni muda, subira na uthabiti wa mpango.

Wala Smith hakuwa koroma. Mwaka 2011 alipata kocha mpya, Jim Harbaugh, aliyemjengea mashambulizi yaliyolingana na uwezo wake: pasi fupi za uhakika na kuukinga mpira usipotee. Msimu huo alirusha pasi 17 za kufunga, na ni tano tu zilizonaswa. Timu yake ilishinda mechi 13 kati ya 16. Mkono uliokuwa ukirusha ulikuwa ule ule wa 2005.

Mmoja wa walimu wa Smith msimu huo, Greg Roman, baadaye alikutana na chipukizi mwingine huko Baltimore. Huyo alikuwa Lamar Jackson, aliyeteuliwa wa 32 mwaka 2018. Jackson alikuwa na mbio zisizo za kawaida kwa kwotabeki, na wapo waliosema hadharani kwamba abadilishiwe nafasi. Timu yake haikufanya hivyo. Iliyaandika upya mashambulizi yake ili mbio zile ziwe silaha, na mwaka 2019 Roman akakabidhiwa jukumu la kuyaongoza. Msimu huo Jackson alikimbia yadi 1,206, rekodi kwa kwotabeki wa ligi hiyo hadi wakati huo, na akatawazwa mchezaji bora kwa kura zote bila kupingwa. Kila ndege huruka kwa ubawa wake. Mwalimu hodari ni yule anayeutazama ubawa kwanza, ndipo akachagua mti wa kumrushia.

Msomaji ataniuliza, Baltimore ina uhusiano gani na Machakos? Uhusiano upo, tena uko katika uwanja wetu wenyewe. Tarehe 17 Desemba 2017, Uwanja wa Kenyatta hapa mjini uliandaa fainali ya Kombe la Chalenji la CECAFA baina ya Kenya na Zanzibar. Mechi ilikwisha kwa sare ya 2-2 baada ya muda wa ziada, na Kenya ikanyakua kombe kwa penalti 3-2, mlinda lango Patrick Matasi akiwa shujaa wa siku. Harambee Stars ilikuwa mikononi mwa Paul Put, Mbelgiji aliyekuwa ameajiriwa mwezi uliotangulia tu. Ilipofika Februari 2018 alikuwa amekwisha kujiuzulu.

Baada yake walikuja Sebastien Migne, Francis Kimanzi, Jacob Mulee na Engin Firat, ukiachilia mbali kaimu. Kuanzia Novemba 2017 hadi Septemba 2021, muda usiotimia miaka minne, timu ya taifa iliongozwa na makocha watano wenye mitazamo tofauti. Wako waliofanya vyema. Migne aliipeleka Kenya katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za mwaka 2019, mara ya kwanza tangu 2004. Hata hivyo, hebu mfikirie kiungo wa miaka ishirini aliyeitwa kambini mara ya kwanza katika kipindi hicho. Mwaka huu anaambiwa asubiri nyuma, mwaka ujao anaambiwa abanane na wapinzani juu, wa tatu anaambiwa nafasi yake haipo tena. Aliyopitia Smith San Francisco, vijana wetu waliyapitia hapa nyumbani, na sisi mashabiki tukawa wa kwanza kusema kwamba Kenya haina viungo wachezeshaji.

Tazama upande wa pili wa fainali ile. Katika kikosi cha Zanzibar alikuwamo kijana aitwaye Feisal Salum, ambaye wapenzi wa soka humwita Fei Toto. Mwaka 2018 alijiunga na Yanga ya Dar es Salaam. Mwanzoni alitumiwa katikati ya uwanja kwa chini, karibu na mabeki, kazi aliyoifanya kwa bidii. Baadaye akasogezwa juu, nyuma ya mshambuliaji, na hapo ndipo wengi walipoanza kuuona ukubwa wa kipaji chake. Alipohamia Azam mwaka 2023 aliendelea kucheza karibu na lango la wapinzani, na msimu wa 2023/24 akafunga mabao 19 katika Ligi Kuu ya Tanzania Bara, akizidiwa na Stephane Aziz Ki wa Yanga peke yake, aliyefunga 21. Mguu uliofunga mabao yale ulikuwa Machakos mwaka 2017. Uliongezewa uzoefu, naam, lakini pia ulisogezwa mita ishirini mbele.

Kwa upande wa Wakenya, kisa cha Michael Olunga ni somo tosha. Mwaka 2015 aliifungia Gor Mahia mabao 19 katika msimu ambao klabu hiyo ilitwaa ligi bila kushindwa. Akapita Uswidi na Uchina, kisha akafika Girona ya Uhispania. Tarehe 13 Januari 2018 alifunga mabao matatu dhidi ya Las Palmas, jambo ambalo hakuna Mkenya aliyekuwa amelifanya katika ligi hiyo. Hata hivyo mara nyingi alianzia benchi, kwa kuwa mashambulizi ya timu ile yalikuwa yamejengwa kumzunguka mtu mwingine. Angerudi nyumbani wakati huo, tungesema Ulaya ilimshinda.

Badala yake alikwenda Japani, kwa Kashiwa Reysol. Chini ya Nelsinho Baptista, kocha kutoka Brazili, timu ilijifunza kuunyang'anya mpira na kuupeleka mbele upesi, kwenye nafasi iliyo wazi ambayo hatua ndefu za Olunga zilikuwa zikiitamani. Novemba 2019 alifunga mabao manane katika mechi moja, Kashiwa walipoicharaza Kyoto Sanga 13-1. Mwaka 2020, katika daraja la kwanza, alifunga mabao 28, akawa mfungaji bora na mchezaji bora wa ligi. Baina ya benchi la Girona na tuzo ya Japani haikupita hata miaka mitatu. Katika muda huo alipata timu iliyomuuliza, "Unaweza nini?" kabla ya kumwambia, "Fanya hivi."

Victor Wanyama naye anatufunza jambo jingine, nalo ni kwamba kocha anayemjua mchezaji wake ni mali. Mwaka 2013 Southampton, ikiongozwa na Mauricio Pochettino, ilimnunua kutoka Celtic. Pochettino alihitaji mtu mwenye nguvu wa kuziba katikati ya uwanja ili wengine waweze kupanda. Alipohamia Tottenham, mwaka 2016 alimnunua Wanyama mara ya pili. Msimu huo wa kwanza Wanyama alicheza mechi 36 za ligi, na Tottenham ikamaliza ya pili. Hakuhitaji miezi sita ya kuzoea, maana alikuwa akirudi katika mfumo alioufahamu. Majeraha ya goti ndiyo yaliyomrudisha nyuma baadaye.

Hapa najua baadhi ya walimu watanipinga, na pingamizi lao lina uzito. Watasema kwamba timu ina watu kumi na mmoja, na haifai kuwapinda kumi ili kumpendeza mmoja. Watasema pia kwamba mchezaji asiyefunzwa nidhamu ya mfumo hukua akidhani dunia itamzunguka daima, na atakapofika mahali pasipomjali ataporomoka. Ni kweli. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na chipukizi aliyejengewa timu nzima akiwa na miaka kumi na sita anaweza kulewa sifa kabla ya kukomaa.

Lakini tusichanganye mambo mawili. Kumdekeza mchezaji ni kumwondolea wajibu. Kumwoanisha na mfumo ni kumpa wajibu anaoweza kuubeba leo, ili kesho aongezewe mwingine. Lamar Jackson hakuachiwa acheze apendavyo. Alipewa mpango mgumu uliodai mazoezi mengi, ila mpango huo ulianzia kwenye kile alichokijua. Rodgers naye hakubembelezwa. Aliwekwa benchi miaka mitatu. Katika visa hivyo viwili kuna mwalimu aliyekuwa na jibu alipoulizwa, "Kijana huyu tumemchukua ili afanye nini, na lini?" Mwalimu asiye na jibu hilo hajateua mchezaji; ameokota tu.

Basi walimu wetu wafanyeje? Kwanza, kabla ya kumkabidhi mwanafunzi nafasi, wamtazame akicheza kwa uhuru katika mechi mbili au tatu za mazoezi, bila maagizo, waandike ni wapi uwanjani hupenda kuupokea mpira na hutumia mguu upi. Mtindo wa kuwapanga vijana kwa kimo, kwamba mrefu awe beki na mfupi awe winga, umetupotezea wengi. Pili, mfumo wa mwaka wa kwanza uwe mwepesi. Chipukizi apewe mambo mawili ya kufanya, ayamudu, ndipo aongezewe la tatu. Tatu, na hili ndilo husahaulika zaidi, mwalimu anapohamishwa aache maandishi. Uhamisho ni sehemu ya kazi ya ualimu na hatuwezi kuuzuia. Tunachoweza kuzuia ni mwalimu mpya kufika na kuanza upya kana kwamba wale vijana walizaliwa jana. Kurasa mbili za daftari zikieleza nani anachezea wapi na kwa nini, zingewaokoa wanafunzi na adha ya walimu watano katika misimu mitano.

Jambo hili limekuwa zito zaidi sasa. Tangu Januari 2026, wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi wameingia Gredi ya 10, na miongoni mwa njia tatu za masomo walizowekewa, mojawapo ni ya sanaa na sayansi ya michezo. Mchezo sasa ni somo ambalo mtoto anaweza kuliegemezea maisha yake. Mwanafunzi anayechagua njia hiyo, kisha akatumiwa miaka mitatu katika nafasi isiyomfaa, hatakuwa amepoteza mechi tu. Atakuwa amepoteza masomo yake, na mzazi aliyekubali kwa shingo upande ataapa kwamba wadogo zake hawatagusa mpira.

Nanyi wanafunzi msidhani mmeachwa nje ya mazungumzo haya. Ukiona mambo hayakuendei vyema, usikimbilie kusema kwamba kocha anakuchukia. Mwendee kwa adabu baada ya mazoezi, umwulize anachokitarajia kwako katika nafasi hiyo, kisha umweleze ni wapi unajiona na nguvu zaidi. Ukiambiwa usubiri benchi, keti ukitazama kama Rodgers alivyotazama, ukijiuliza kila mara mpira unapopita, "Mimi ningeupeleka wapi?" Mstahimilivu hula mbivu, mradi asisubiri amelala.

Msimu ujao majina yatabandikwa tena kwenye mbao za matangazo za shule zetu, kutoka Mwala hadi Kangundo, na katika kila orodha kutakuwa na kijana mmoja ambaye shule nzima inamtazamia makuu. Mwalimu, ukilisoma jina hilo, usitulie ukidhani umemaliza. Chukua karatasi nyingine, uchore uwanja, uwaweke wenzake kumi mahali pao, kisha ujiulize mpira utamfikiaje.